Nilinunua MGB GT isiyo na funguo

Bei ilikuwa nzuri kwa sababu moja tu: funguo hazikuwepo. MGB GT, gari la michezo la Kiingereza, ya mwaka 1972, kijani iliyokolea, bodi haijaliwa sana na kutu, imelala gereji miaka mingi baada ya mwenyewe kufariki. Watoto wake walipekua nyumba nzima wakachoka. "Lichukue hivyo hivyo," binti yake akaniambia, "ufunguo si utachongesha tu?" Na mimi nikaona ni jambo dogo. Nimekulia Majengo, Mombasa, ambako fundi wa funguo anakaa na meza yake kando ya barabara, unampa ufunguo, unaagiza chai, na chai haijapoa ufunguo wa pili uko tayari. Nikadhani hapa Birmingham ni yale yale, tofauti ni bei.

Tofauti haikuwa bei peke yake. Naandika haya kwa sababu kila nikikutana na mtu aliyenunua gari la zamani la michezo, iwe MG, Triumph au Jaguar, namkuta katikati ya tatizo lile lile, na mara nyingi ameshaharibu kitu ambacho hakikuwa kimeharibika.

Shida ya kwanza ilikuwa kulitoa pale lilipokuwa. MGB za mwanzo, zilizoanza kuuzwa mwaka 1962, zina swichi ya ufunguo kwenye dashibodi. Ukipoteza ufunguo wa gari kama hilo bado una njia: unafikia nyaya nyuma ya dashibodi, unaunganisha, injini inawaka, unaenda zako. Langu lilikuwa la baadaye. Swichi imehamia kwenye nguzo ya usukani, na ufunguo ukichomolewa, kipande cha chuma kinaingia kwenye mtaimbo wa usukani na kuuzuia usizunguke. Kwa hiyo hata ukiwasha injini kwa nyaya, hulipeleki gari popote ila kule magurudumu yalikoelekea. Ya kwangu yalikuwa yameelekea ukutani. Wenye lori la kubebea magari waliweka kila gurudumu la mbele juu ya kibao chenye vigurudumu vidogo, wakalivuta gari upande upande kama kabati. Pauni 180, na wakanihurumia.

Ukikuta gari la aina hii bila funguo, gharama hiyo itoe kwenye bei kabla hujakubaliana na muuzaji. Mimi nilipewa punguzo, lakini lilikuwa punguzo la mtu anayedhani ufunguo ni pauni 10.

Fundi wa kwanza niliyemwita alikuja na gari safi lenye vifaa vya kisasa vya kusoma kompyuta za magari. Aliinama, akaangalia kitasa cha usukani, akasema atakitoboa kwa drili, kisha nikanunue kitasa kipya. Nikamuuliza kama hakuna namna ya kukifungua bila kukitoboa. Akasema kuna namna nyingi, ila hii ndiyo ya haraka. Nilimzuia. Akanitoza pauni 85 za kuja, na kwenye uso wa kitasa akaacha mikwaruzo miwili ya bisibisi ambayo mpaka leo naiona kila ninapokaa kwenye kiti.

Usiku ule nilimpigia mjomba. Mjomba alifanya kazi gereji Mombasa tangu ujana wake, enzi ambazo nusu ya kazi ilikuwa Land Rover.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Haya, gari limewaka?"

"Halijawaka. Sina ufunguo."

"Namba unayo?"

"KH... aah, namba ya gari ama?"

"Ya ufunguo, we! Namba ya ufunguo. Ukiwa na namba una ufunguo. Usipokuwa nayo, hata nikikupa ufunguo wenyewe mkononi una chuma tu."

Hilo ndilo lililoniokoa pesa. Kwa magari ya Waingereza ya enzi zile, ufunguo uliochongwa kwa meno yaliyochakaa hauna thamani kama namba iliyopigwa chapa pembeni yake. Wenye viwanda walitumia vitasa vya aina chache, vingi vikitoka hapa hapa Midlands, eneo la katikati ya Uingereza, na kila ufunguo ulikuwa na herufi na tarakimu. Milango ya magari mengi ya miaka ya 60 na 70, MGB, Mini, Triumph, hata Land Rover, ilitumia funguo za FS. Herufi zinataja umbo la mfereji, yaani ufunguo gani unaingia kwenye tundu gani. Tarakimu zinataja meno. Mfululizo wa FS unaanzia 876 na kuishia 955. Piga hesabu: ni funguo 80 kwa magari yote hayo.

Maana yake ni mbili. Ya kwanza inafurahisha: kuna watu wanaouza funguo hizi zikiwa zimeshachongwa, zimepangwa kwa namba, na ukijua yako unalipa, unaondoka. Ya pili haifurahishi. Siku moja kwenye mkutano wa magari ya zamani, mzee mmoja mwenye Mini aliniambia nijaribu ufunguo wake kwenye mlango wangu. Ukafungua. Ufunguo wake umechakaa, kitasa changu kimelegea, basi wakaelewana. Tangu siku hiyo sihesabu mlango uliofungwa kuwa ulinzi wowote, na nimeweka swichi ya kukata betri mahali ambapo sitapataja.

Sasa, namba inapatikana wapi kama ufunguo umepotea? Kama gari lako ni la zile za swichi kwenye dashibodi, una bahati, kwa sababu mara nyingi namba imepigwa kwenye uso wa swichi yenyewe. Ifute vumbi, leta tochi na kioo cha kukuzia. Kama la kwangu, inabidi uingie ndani ya mlango. Nilifungua mkono wa kuteremshia kioo na mshikio wa mlango, nikabandua ubao wa ndani taratibu (klipu zake za zamani huvunjika, nunua mpya kabla), nikapapasa nyuma ya kitasa mpaka nikaipata klipu inayoishika silinda, yaani kile kiini cha kitasa ambamo ufunguo unaingia. Silinda ikatoka na vumbi la miaka 40. Niliipaka spiriti, nikaisugua kwa mswaki wa zamani, na pembeni yake, kwa herufi ndogo zilizopinda kidogo kana kwamba aliyezipiga alikuwa anakimbilia chakula cha mchana, ikajitokeza FS na tarakimu tatu. Nilikaa sakafuni pale gereji nikiishika tu.

Kuna njia nyingine watu hawaijui. Makumbusho ya magari ya Waingereza kule Gaydon, Warwickshire, yanahifadhi vitabu vya uzalishaji vya MG, Austin-Healey, Triumph na wengine, na ukiwapelekea namba ya chesisi na ada yao wanakuandikia cheti: gari liliundwa lini, rangi yake ya kwanza, namba ya injini, lilipelekwa nchi gani. Kwa baadhi ya magari, rekodi hizo zina namba za funguo pia. Mimi cheti nilikichukua, na kilinipa furaha ya aina yake kujua siku gari lilipotoka kiwandani Abingdon, lakini namba ya ufunguo nilishaipata kwenye chuma. Kama huna haraka, agiza cheti kwanza kabla hujavunja klipu za mlango.

Ufunguo wenyewe niliununua Beaulieu, kwenye soko kubwa la vipuri vya zamani linalofanyika kila Septemba kule Hampshire. Ukitaka kuelewa utajiri wa takataka, nenda pale. Mzee mmoja alikuwa na ubao mpana wenye misumari midogo, na kila msumari una funguo zake na namba chini. Nilimtajia namba. Hakuinua hata macho, mkono ukaenda moja kwa moja. Pauni 8. Ufunguo wa zamani ambao haujawahi kuingia kwenye kitasa, mng'aro wake bado, kichwa chake na nembo kama ulivyotoka kiwandani.

Rafiki yangu aliyekuwa nami alikuwa na ufunguo wa Triumph yake, akataka achongewe nakala palepale. Yule mzee akauchukua, akaupitisha kidole kwenye meno, akamrudishia. "Huu umekwisha," akasema. "Nikiunakili, nakunakilia uchakavu." Akamuomba asome namba kwenye kichwa, akampa uliochongwa upya kwa namba. Hili ndilo kosa la kila siku, hapa na nyumbani: ufunguo wa asili unapotea, unabaki wa ziada uliochongwa miaka ya 80 kutoka kwenye uliochakaa, huo nao unanakiliwa, na mwisho mtu anasema kitasa kimekufa kumbe ni ufunguo. Kabla hujabadilisha kitasa kinachokwama, chongesha ufunguo kwa namba kwanza. Mara nyingi kitasa hakina tatizo.

Mlango wa dereva ulifunguka kwa ufunguo wa Beaulieu, ukiwa mgumu lakini ukafunguka. Mlango wa abiria ukakataa. Mlango wa nyuma ukakataa. Nikaelewa kuwa mtu fulani, miaka fulani, alibadilisha vitasa kimoja kimoja kila kilipomshinda, na marehemu alikuwa anatembea na bunda la funguo kama mlinzi wa msikiti.

Bado usukani. Hapo FS haisaidii, kwa sababu kitasa cha usukani kina ufunguo wake tofauti, namba yake imejificha ndani, na hakitoki kirahisi. Kimefungwa kwa bolti ambazo vichwa vyake hukatika makusudi zinapokazwa kiwandani, ili mwizi asipate pa kushika spana. Kuzitoa ni kutoboa au kuzipiga kwa patasi mpaka zizunguke. Na nyumba ya kitasa ni zinki ya kumimina, haipendi nguvu.

Niliulizauliza nikaelekezwa kwa fundi mmoja upande wa Willenhall. Huo ni mji mdogo karibu na Wolverhampton ambao kwa karne kadhaa umeishi kwa kutengeneza vitasa. Wanasema zamani watu wake walikuwa wanatambulika kwa kibyongo cha kuinamia jiliwa tangu utotoni, hata mji ukabandikwa jina la utani la Humpshire ("hump" kwa Kiingereza ni kibyongo). Kuna makumbusho pale, The Locksmith's House, nyumba ya familia ya mafundi na karakana zao nyuma. Nenda ukipata nafasi.

Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa miaka sabini na kitu. Hakuleta drili. Alileta kile kifaa cha daktari cha kuchungulia masikio, chenye taa, akakiingiza kwenye tundu la ufunguo akawa anasoma. Ndani ya silinda ya gari kuna vibati vidogo vya shaba, vimepangana, kila kimoja kinasukumwa na springi ndogo kuliko ukucha. Vikiinuka kwa kiasi chake sawasawa vinaingia ndani ya silinda, silinda inazunguka. Kimoja kikichomoza hata kidogo, hakuna kitu. Alikuwa anajaribu kuona kila kibati kinahitaji kuinuliwa kiasi gani. Akaniandikia tarakimu kwenye kipande cha boksi, ila mbili hakuwa na uhakika nazo.

Hapo akafanya jambo ambalo nilimpigia mjomba kwa video alione. Alichukua ufunguo usiochongwa wa umbo lile, akauchonga zile sehemu alizokuwa na uhakika nazo, akausugua ubavu wake kwa msasa laini mpaka ukang'aa, akaubana na koleo maalumu, akauingiza, akaukaza kushoto na kulia kwa nguvu kidogo. Akautoa. Kwenye ule mng'aro kukawa na alama mbili hafifu, kama umeguswa na ncha ya sindano. Akapitisha tupa mara mbili pale penye alama. Akarudisha. Alama moja ikatoweka, nyingine imebaki. Tupa tena.

"Sisi tulikuwa tunaufukiza kwa mshumaa," mjomba akasema kwenye simu. "Masizi yanaonyesha vizuri zaidi. Mwambie."

Nikamtafsiria. Yule mzee akacheka, akasema baba yake pia alikuwa anafukiza, yeye aliacha kwa sababu mke wake alilalamikia mikono. Wakati tunacheka, akauzungusha ufunguo, na usukani ukajifungua kwa mlio mmoja mzito. Mke wangu, ambaye kwa majira mawili alikuwa akiliita gari "sanamu", alitoka jikoni kuja kuangalia.

Pauni 140. Akanitolea silinda, kwa sababu ukiwa na ufunguo unaiweka kwenye nafasi ya kwanza, unabonyeza kipini kwenye tundu dogo, inatoka yenyewe. (Zile swichi za Lucas za dashibodi nazo zinatoka kwa mtindo huo huo: ufunguo, waya mwembamba kwenye tundu la pembeni, unavuta. Watu wanazing'oa kwa koleo bure.) Akasoma namba iliyopigwa ubavuni, akaniambia niiandike mahali pawili na nisiwahi kuipiga picha nikaisambaza. Hili nalisisitiza. Naona watu wakipiga picha ya fahari ya ufunguo wa asili juu ya kiti cha ngozi, namba inasomeka wazi. Mwenye nia mbaya hahitaji ufunguo wako. Anahitaji ile picha na pauni 8.

Kuhusu vitasa vipya vya kuiga, nitasema ninavyoona mimi. Vipo, ni rahisi, seti ya milango miwili haizidi sana bei ya chakula cha watu wawili hotelini, na vinafunga. Lakini chuma chake ni chepesi, na vingi nilivyovishika vina mchezo hata kabla havijatumika. Kama kitasa chako cha zamani kinaweza kusafishwa, kisafishe. Mlango wangu wa abiria haukuhitaji kitasa kipya. Ulihitaji vibati vyake vipangwe upya vifuate namba ya mlango wa dereva. Nilifanya kazi hiyo mezani, silinda juu ya taulo jeupe ili springi zikiruka nizione. Moja iliruka sikuiona. Nunua silinda mbovu moja au mbili za kutolea vibati na springi. Pauni chache, na zitakuokoa usiku wa manane.

Kulainisha nako kuna ubishi wake. Mafuta mazito yanavuta vumbi na baada ya mwaka una gundi ndani ya kitasa. Unga wa grafaiti ni mzuri kwa milango, ila usiuchanganye na mafuta, na kwenye swichi ya kuwashia mimi siutumii kabisa kwa sababu grafaiti inapitisha umeme na nyuma ya silinda kuna miguso ya nyaya. Huko napulizia kilainishi kikavu cha tefloni.

Jambo la karatasi nisilisahau. Fundi mwaminifu atakuuliza gari ni lako kweli kabla hajafungua. Hapa Uingereza watu wanatoa V5C, karatasi ya usajili wa gari, kana kwamba ni hati ya umiliki, na juu yake kumeandikwa kuwa siyo. Inaonyesha nani amesajiliwa kulitunza gari. Gari likiwa limetoka kwa marehemu, omba risiti ya mauziano yenye saini ya anayesimamia mirathi, na namba ya chesisi iwemo. Mimi niliombwa na yule fundi wa Willenhall. Wa kwanza, wa drili, hakuniuliza chochote.

Kwa walio nyumbani: msidhani haya ni ya Ulaya peke yake. Land Rover za Series zilizojaa kuanzia Nanyuki mpaka Iringa zilitumia funguo hizi hizi za FS, na Mini vilevile. Wanaopeleka magari Ngong Racecourse, Nairobi, kwenye Concours d'Elegance, mashindano ya urembo wa magari yaliyoanza mwaka 1970, wanajua majaji wanavyochungulia vitu vidogo. Kopo la funguo kuukuu alilonalo mzee wenu kwenye stoo lisitupwe. Mjomba alilimwaga la kwake mezani baada ya simu yetu, akakuta FS nne. Hakuna iliyolingana na yangu, lakini moja imeshafungua Land Rover ya jirani iliyokuwa imefungwa kwa waya kwa miaka.

Ukijumlisha lori, mafundi wawili, funguo, silinda za kuchinja na cheti, nimetumia zaidi ya pauni 500 kwenye kitu ambacho nilidhani ni pauni 10. Milango miwili sasa inafuata ufunguo mmoja, usukani una wake. Uliobaki ni mlango wa nyuma. Silinda iliyomo si yake, imelazimishwa, na vibati vyake vimeliwa kiasi cha kutopangika. Nimepata mbili nyingine mpaka sasa, zote zimeoza ndani. Natafuta silinda ya FS ya mlango wa nyuma wa GT, namba yoyote, hata kroomu iwe imebabuka. Vibati nitavipanga mwenyewe.